Alama ya Rangi ya Kucha

"Hivi Mama Fundi, wewe huwa unaziombea hizi gari?"

Aliyeniuliza ni jirani yetu mshonaji, ambaye cherehani chake kinatazamana na mlango wa gereji yetu. Ni miaka mingi sasa. Mume wangu alikuwa hai, na saa hiyo alikuwa chini ya gari, tunasikia spana zake tu.

"Maana kila nikiinua macho," akaendelea, "nakuona umeinamia injini, macho umefumba, mkono uko juu ya bodi. Na Fundi naye, badala ya kutazama kazi, anatazama kidole chako. Kama ni maombi, mwenzangu, nipitie na mimi. Hiki cherehani kinakata uzi tangu Jumatatu."

Nilicheka, nikamwambia akitie mafuta. Swali lake sikulijibu. Akarudi kwake akiamini kwamba ninaomba, na kwa kuwa mdomo wake haujui kupumzika, wiki haikuisha mtaa mzima ukaamini hivyohivyo. Mimi ni mtu wa sala, sikatai. Lakini pale kwenye injini sikuwa nasali. Sikumwambia mtu uongo, ila niliuona uongo umeingia, umevuta kiti, umekaa, nami sikuutoa nje. Hilo nimelipeleka kwa Mungu mara nyingi.

Ukweli ni kwamba mume wangu alikuwa hasikii. Ujana wake aliumalizia kwenye mtambo wa kusaga kokoto, na mtambo ule ulimla masikio kidogokidogo. Mtu akisimama mbele yake alimwelewa kwa kutazama midomo, na alikuwa mwepesi sana kwa hilo, usingegundua. Lakini sauti ndogo za ndani ya injini zilishamtoka kabisa. Na nani atampelekea gari fundi asiyesikia injini? Siku moja alinikalisha juu ya tairi, akaniambia, "Mke wangu, niazime masikio. Ila usimwambie mteja." Nikaahidi. Tukafanya kazi hivyo miaka kumi na tisa.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Ndani ya injini pistoni inapanda, plagi inatoa cheche, mafuta yanawaka, pistoni inasukumwa chini. Shughuli yote iko kwenye wakati wa ile cheche. Petroli ina hasira za karibu: ukiiwasha mapema mno, inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, vinakutana kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja. Hapo injini inatoa kasauti kama punje kavu zinazotikiswa ndani ya kopo. Huko ndiko kugonga, na injini inayogonga kila siku mwisho hutoboka pistoni. Gesi ni mpole. Inachelewa kushika moto, kwa hiyo inataka iamshwe mapema. Ukichelewa kuiamsha haigongi, ila nguvu huzioni. Gari linalotumia petroli na gesi linataka mahali pa katikati, ambapo wote wawili watakaa bila kugombana, na mahali penyewe ni padogo, hapazidi upana wa kucha.

Mahali hapo hutafutwa kwa kuzungusha distribyuta, kile kikombe kinachogawa umeme kwenye plagi. Unalegeza nati moja, unakizungusha kidogo, unakaza, unakwenda mlimani na mzigo. Mume wangu alikuwa anaendesha. Mimi nilishika kipande cha mti wa ufagio, ncha moja kwenye injini, nyingine sikioni. Ikigonga nainua kidole. Tukipata mahali penyewe, Fundi anatia alama kwa rangi nyekundu ya kucha. Ile chupa shangazi yangu alinipa siku ya harusi, nikaona haya kuipaka. Fundi akasema rangi nzuri namna hiyo haiwezi kukaa bure kabatini, tena haitoki kwa mafuta. Ikaingia kwenye sanduku la spana, ikakaa huko.

Mume wangu aliugua siku tisa, akafariki. Mungu alimpenda zaidi. Nilikaa nikalia, nikamaliza, nikavaa ovaroli lake nikalikunja miguuni, nikafungua gereji. Magari machache yalirudi. Mengine yalisimama barabarani, dereva akachungulia, akaniona, akaendelea na safari.

Miezi sita baadaye shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliingia gereji mchana ameshika futi ya kupimia, ile ya chuma inayojikunja yenyewe. Ana duka la vifaa vya ujenzi. Kiwanja cha gereji ni cha baba yao, na baada ya mume wangu mwenye kauli ni yeye. Aliivuta futi kutoka mlangoni mpaka ukutani.

"Karibu, shemeji," nikamwambia. "Unapima nini?"

"Urefu tu, shemeji yangu. Pale dukani unyevu unaniua. Mfuko wa saruji ukilala wiki mbili unaamka jiwe. Hapa pakavu."

"Na mimi?"

"Wewe si una nyumba? Nani kakufukuza nyumbani? Lakini mjane, mtu wa sala, kulala chini ya magari ya wanaume... watu wanasema, shemeji."

"Chini ya gari niko peke yangu. Wanaume wako pale kwenye benchi wanasubiri."

Ng'ambo ya barabara cherehani kilinyamaza. Mshonaji alikuwa anasikiliza, na hakujisumbua kuficha.

"Mimi sisemi kwa ubaya," shemeji akasema, na ninaamini hakusema kwa ubaya. "Kazi ilikuwa ya kaka. Wewe ulikuwa unamwombea, Mungu akupokelee. Lakini mwenye mkono wake hayupo." Akaachia futi ikajikunja kwa kishindo. "Ingawa naye alikuwa na dharau zake, Mungu amsamehe. Mara ngapi nimemwita barabarani, 'Kaka! Kaka!' hageuki. Watu wananiangalia mimi kama mwendawazimu. Mtu akishakuwa na gereji, mdogo wake hafai hata kuitikiwa."

Nikachukua tambara, nikafuta spana iliyokuwa safi. 

Wakati huohuo gari likaingia likikohoa. Lilikuwa gari la Dobi, anayefua shuka za hospitali ya mlimani. Gari dogo lenye pua fupi, ambalo injini yake iko chini ya viti vya mbele. Sisi ndio tulioligeuza kutumia gesi, miaka minne iliyopita.

"Mama Fundi, mgonjwa wako nimemrudisha," Dobi akasema kabla hata hajashuka. "Ile gesi ya mitungi ya jikoni nimeiacha. Nimewekewa hii ya kushindiliwa, ya kituo kipya. Wale mabwana wamefunga mtungi, wamefunga bomba, wakaniambia mengine kamwone fundi wako. Sasa kwa petroli linapanda vizuri, nikiweka gesi linagoma kona ya pili. Jana nimefikisha shuka saa nane mchana, wagonjwa wanalala kwenye godoro tupu. Muuguzi mkuu kanitazama kwa miwani hivi, akaniuliza kama najua dobi mwingine."

"Sawa," nikasema.

Shemeji alikuwa ameegemea ukuta, futi mkononi. Akatabasamu. "Tufanye hivi, shemeji. Kesho asubuhi, mlima wa hospitali, gari limejaa mzigo. Lipande kwa gesi, lipande na kwa petroli. Likipanda kwa vyote viwili, ufunguo unabaki kwako na futi yangu nairudisha dukani. Lisipopanda, unanipa ufunguo na Jumatatu saruji inaingia."

"Na wewe uwemo ndani ya gari," nikamwambia.

"Nitakuwemo."

"Ala!" Dobi akasema. "Gari langu limekuwa mahakama?"

Asubuhi niliamka nikasali kama kawaida yangu, kisha nikaenda gereji. Dobi alishapeleka shuka safi alfajiri kwa petroli, akarudi na magunia ya shuka chafu, juu yake tukapakia madumu ya maji mpaka springi zikakaa. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya bomba la gesi. Hakuna palipotoa mapovu. Nikatoa plagi, nikabana nafasi zake za cheche kidogo kama gesi inavyotaka, nikazirudisha. Halafu nikamulika distribyuta. Alama nyekundu ilikuwa palepale Fundi alipoiweka, na distribyuta imekaa juu yake sawasawa. Nikasema moyoni, huu ni mkono wa mume wangu, siugusi. Nikafunika kiti.

Hapo ndipo nilipokosea.

Tulikaa watatu mbele. Dobi kwenye usukani, shemeji dirishani na viatu vyake vilivyong'aa, mimi katikati juu ya injini, mti wa ufagio mkononi. Shemeji aliutazama ule mti.

"Utafagia huko juu?"

"Ikibidi."

Mlima wa hospitali una kona tatu. Ya kwanza tulipita kwa gesi, gia ya pili, injini inalalamika lakini inakwenda. Ya pili Dobi akashusha gia ya kwanza, akakanyaga mpaka mwisho. Gari likasukuma, likasukuma, likasimama. Likaanza kurudi nyuma. Dobi akavuta breki ya mkono huku anamtaja Mungu kuliko mimi.

Tukashuka. Dobi akaweka jiwe nyuma ya tairi. "Ongeza gesi, Mama Fundi. Halishibi hili."

"Halina njaa, Dobi. Linachelewa kuamka."

Shemeji akanyoosha kiganja, taratibu kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. "Ufunguo, shemeji."

"Hatujafika juu."

"Ndiyo sababu naomba ufunguo."

"Ulisema kesho asubuhi. Asubuhi haijaisha."

Nikainua kiti. Joto la injini likanipiga usoni. Alama nyekundu ilikuwa inanitazama, nami naitazama. Nikashika spana namba kumi na mbili, nikaiweka kwenye nati, na mkono ukakataa. Niliona nikiizungusha ile distribyuta nitakuwa kama ninayemwondoa kitandani mwenyewe aliyelala.

Nikakumbuka siku alama ile ilipowekwa. Ilikuwa gari hilihili, mlima huuhuu. Fundi alizungusha, tukapanda, nikainua kidole. Akarudisha, tukapanda, nikatikisa kichwa. Akazungusha tena unywele, tukapanda, nikatulia. Akaniuliza kwa macho, "Hapa?" Nikamwambia, "Hapa." Ndipo alipofungua kichupa. Basi rangi aliipaka yeye, lakini mahali nilipachagua mimi. Tena nilipachagua kwa ajili ya gesi nyingine. Gesi hii mpya ni nzito zaidi kuamka, na alama ile haikuwahi kusikia habari zake. Mume wangu angekuwepo angeizungusha bila kusita hata dakika moja, kisha angenitazama kidole.

Nikafumba macho.

"Anaomba tena," shemeji akamwambia Dobi.

"Sasa hivi ndiyo naomba," nikasema bila kufumbua. "Zile zingine hazikuwa sala."

Hakuelewa, na sikumweleza. Niliomba kwa ufupi, maana Mungu alikuwa anaona mwenyewe hali ilivyo. Kisha nikalegeza nati, nikazungusha distribyuta upana wa kucha mbili kupita ile alama, nikakaza.

"Washa."

Gari lilipanda. Si kupanda kwa kujivuta. Lilishika mlima kama lililokumbuka kitu nyumbani. Kona ya tatu Dobi alikuwa gia ya pili, anaimba. Muuguzi mmoja getini alituona tukifika na madumu ya maji na shuka chafu, akauliza kama tumepotea.

"Na petroli?" shemeji akauliza. Nilipenda alivyouliza. Mtu anayetaka haki huuliza yote.

Tukashuka mpaka chini. Dobi akaweka swichi katikati, gesi ikaisha kwenye bomba, injini ikaanza kusinzia, akahamia petroli. Tukapanda. Hatujafika kona ya kwanza, punje zikaanza kutikisika kwenye kopo. Safari hii hata mti wa ufagio haukuhitajika.

"Nini hicho?" shemeji akashika mlango.

"Inagonga. Simama, Dobi."

Nikarudisha upana wa kucha moja. Chini tena, gesi tena. Gari likapanda, si kwa kuimba, lakini likapanda kwa heshima zake. Chini tena, petroli. Kona ya kwanza, kimya. Kona ya pili, kimya. Nimefumba macho, mti uko sikioni, kidole kiko juu ya goti. Kona ya tatu, tik, tik, tik. Mara tatu. Kisha kimya mpaka getini.

Dobi akapiga honi. "Mama Fundi, Mungu akupe maisha!"

Shemeji aliachia mlango. "Haya," akasema. "Limepanda kwa gesi, limepanda kwa petroli. Neno langu ni neno langu. Ufunguo kaa nao."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyesikia isipokuwa mimi na Mungu, na Mungu alikuwa ameshaninyamazia mambo mengi.

"Bado," nikasema.

"Bado nini, Mama?" Dobi akageuka. "Si tumefika?"

"Imegonga mara tatu pale kona ya mwisho."

"Mimi sijasikia."

"Najua."

"Mimi pia sijasikia," shemeji akasema. Akanitazama, kisha akautazama ule mti wa ufagio, kisha kidole changu, ambacho kilikuwa bado kimeinuka juu ya goti bila mimi kujua. Akakitazama muda mrefu.

Nikainua kiti, nikarudisha distribyuta unene wa uzi. Tukapanda kwa petroli, kimya mwanzo mpaka mwisho. Tukapanda kwa gesi, gia ya pili kona zote. Siku hiyo mlima ule tuliupanda mara sita. Dobi alisema zile shuka chafu zimetembea kuliko yeye, na mara ya mwisho muuguzi wa getini alitufungulia bila kuuliza.

Tulirudi gereji kabla ya adhuhuri. Dobi alikwenda kununua maji ya kunywa. Shemeji alishuka, akanifuata ndani, akasimama karibu na benchi alipoiacha futi yake. Nikatoa kichupa cha rangi kwenye sanduku la spana. Kilikuwa kimekauka karibu chote. Nikatia tone la kiyeyusha rangi, nikakitikisa. Halafu nikachukua bisibisi bapa, nikainua kiti cha gari, nikaanza kuikwangua ile alama ya zamani.

"Shemeji!" Akaja mbio. "Unakwangua nini? Huo si mkono wa kaka yangu?"

"Ndiyo."

"Na unaufuta?"

"Nikiuacha, atakuja fundi mwingine siku moja, ataona alama mbili, atafuata isiyofaa. Kaka yako asingependa." Nikapuliza unga mwekundu. "Tena rangi ndiyo yake. Mahali hapa nilimwonyesha mimi."

"Ulimwonyesha vipi?"

Niliweka bisibisi chini. Nilimwahidi mume wangu nisimwambie mteja. Huyu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, na mimi nilikuwa nimemfanya mteja kwa miaka kumi na tisa. Hilo lilikuwa kosa langu, si la marehemu.

"Kaka yako alikuwa hasikii," nikasema. "Tangu kule kwenye kokoto. Alikuwa anasoma midomo. Injini nilikuwa namsikilizia mimi, naye anafuata kidole. Watu wakadhani naomba."

Shemeji alinitazama mdomoni, kama vile naye alikuwa anausoma. Akageuka taratibu, akatazama mlangoni, kule barabarani anakopita kila siku kwenda dukani.

"Hata nikimwita kwa nyuma?"

"Hata ungempigia ngoma. Lakini ukimjia mbele alikuona kabla ya mtu yeyote. Ukishapita umenuna, alikuwa ananiuliza, 'Mdogo wangu leo nimemkosea nini?'"

Alirudi nyuma mpaka kwenye benchi. Mkono wake ulipapasa benchi nyuma yake bila yeye kugeuka, ukagusa spana, ukagusa tambara, ukaipata futi. Akaishika kwa mikono miwili kifuani, jinsi mtu anavyoshika kofia.  Nikachovya kijiti kwenye rangi, nikaweka alama mpya mahali pake, ndogo, upana wa kucha.

Nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mdogo wa Fundi!" mshonaji akamwita kutoka ng'ambo, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Vipi, hiyo saruji inaingia lini?"

Alipita mbele ya cherehani chake, futi bado kifuani, akashika barabara ya kwenda dukani, wala hakugeuka.